Bazaine wa Metz: alisaliti, alishindwa kazi, au aliangushiwa jumba bovu?

Tarehe 10 Desemba 1873, kwenye jumba la Grand Trianon pale Versailles, mahakama ya kijeshi ya Ufaransa ilimhukumu kifo Marshali François Achille Bazaine kwa kuisalimisha ngome ya Metz, mashariki mwa Ufaransa, pamoja na jeshi lake lote, kwenye vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870, na kuamuru avuliwe cheo na heshima zote za kijeshi. Halafu majaji haohao waliotoka kumhukumu wakaandika ombi kwa rais wa nchi amhurumie, rais akakubali, adhabu ya kifo ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Na huyo rais ni nani? Ni Marshali Mac-Mahon, ambaye miaka mitatu nyuma, kwenye vita hiyohiyo, jeshi lake ndo lilizingirwa Sedan na kutekwa lote pamoja na Kaizari Napoleon III mwenyewe.

Yaani makamanda wawili, nchi moja, vita moja, kila mmoja kapoteza jeshi zima ndani ya miezi miwili, mmoja yuko ikulu anasaini msamaha na mwenzake ndo anayesamehewa. Hapo ndipo stori ya Bazaine inapowachanganya wengi, maana ukiisoma harakaharaka unaishia kwenye swali moja tu, alisaliti au hakusaliti, na ukijibu hilo peke yake hutaelewa kilichotokea. Hebu tuifungue taratibu tangu mwanzo.

Bazaine alizaliwa Versailles mwaka 1811. Alijaribu mtihani wa kuingia École Polytechnique, chuo ambacho maofisa wengi wa mizinga na uhandisi walipitia, akafeli, na mwaka 1831 akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida kabisa. Hili msilipite haraka, kwa sababu kwenye jeshi la Ufaransa la wakati ule, mtu kuanza chini kabisa na kuishia kuwa marshali ni jambo zito mno. Alipigana Algeria akiwa na Jeshi la Kigeni, yaani kikosi cha Ufaransa cha askari kutoka nchi za nje, akaenda nalo Hispania kwenye vita vya kugombea kiti cha ufalme kule, akarudi Algeria, akaenda Crimea ambako Sevastopol ilipoanguka mwaka 1855 yeye ndo alipewa kuisimamia, mwaka 1859 akawa Italia, Melegnano na Solferino. Kote huko hakuna aliyewahi kumuita muoga. Askari walimpenda, alikuwa mtu wa kukaa mstari wa mbele risasi zikipita, mtulivu, haropoki ovyo.

Kisha ikaja Mexico. Napoleon III alitaka kumsimika mtawala wake kule, Maximilian wa Austria, na mwaka 1863 Bazaine akakabidhiwa jeshi lote la Ufaransa nchini humo, mwaka uliofuata akapewa u-marshali. Mimi naona Mexico ndo ufunguo wa mambo mengi yaliyokuja baadaye, kwa sababu kule hakuwa kamanda tu, alikuwa pia mwanasiasa, anaongea na huyu, anampima yule, anaangalia nani atatawala kesho na jeshi lake litamfaa nani. Alioa hukohuko, binti wa Kimexico aitwaye Josefa de la Peña, wengi walimuita Pepita, yeye bwana akiwa na miaka zaidi ya 50 na bibi harusi akiwa bado hajatimiza hata 20. Mwaka 1867 Ufaransa ikaondoa majeshi yake, Maximilian akabaki, akakamatwa na kupigwa risasi. Bazaine akarudi nyumbani na jeshi lake likiwa salama lakini jina likiwa na doa kidogo, minong'ono ilikuwepo kwamba alikuwa anacheza mchezo wake mwenyewe kule.

Sasa 1870. Vita ilitangazwa tarehe 19 Julai baada ya ule mvutano wa nani atakalia kiti cha ufalme wa Hispania, Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, dola iliyoongoza Wajerumani, akauchochea kwa kuihariri telegramu ya Ems, iliyoeleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa, na kuitoa hadharani ili Wafaransa wapandishe hasira, na kweli wakapandisha. Ufaransa iliingia vitani ikiwa na bunduki nzuri kuliko za adui, chassepot ilikuwa inafika mbali zaidi kuliko bunduki za Waprussia, lakini kwenye mizinga ilikuwa nyuma, yao ya shaba inayojazwa kwa mbele wakati Waprussia wana ya chuma ya Krupp inayojazwa kwa nyuma, inapiga mbali na inalenga vizuri. Na kikubwa kuliko silaha ni mpangilio. Prussia walikuwa na makao makuu yanayofikiri, yaani mkuu wake Moltke na maofisa wake walishapanga mpaka treni zitabeba nani zimpeleke wapi. Ufaransa askari wa akiba walikuwa wanazunguka nchi nzima kutafuta vikosi vyao, huku kuna watu hakuna mahema, kule kuna mahema hakuna watu.

Tarehe 6 Agosti Wafaransa wakapigwa sehemu mbili siku moja, Froeschwiller na Spicheren. Spicheren ndo pana uhusiano na jamaa yetu, kwa sababu Jenerali Frossard alikuwa anapigana pale siku nzima na Bazaine alikuwa na vikosi si mbali, msaada ukafika kwa kusuasua na haukusaidia kitu. Huo ulikuwa mfano wa kwanza wa tabia itakayojirudia, mtu anasikia mizinga inanguruma halafu anasubiri amri au anasubiri hali ieleweke. Wajerumani wao ilikuwa kinyume chake, kamanda akisikia mizinga anaelekea kwenye mizinga bila kuambiwa na mtu.

Baada ya hapo Paris ikataharuki. Napoleon III alikuwa mgonjwa, mawe kwenye kibofu yanamtesa mpaka kupanda farasi ni shida, na hakuna aliyekuwa na imani naye tena kama kamanda. Watu wakapiga kelele apewe Bazaine, na waliopiga kelele zaidi ni wapinzani bungeni, haohao wa upande wa jamhuri, kwa sababu walimuona ni mtu aliyetoka chini, si mtu wa ikulu. Tarehe 12 Agosti akakabidhiwa Jeshi la Rhine. Mtu ambaye kwenye vita ya Ulaya hajawahi kuongoza jeshi la ukubwa huo, anapewa wanajeshi zaidi ya 150,000 wakiwa tayari wanarudi nyuma, adui yuko mgongoni, na Kaizari bado yuko palepale anatoa ushauri ambao hujui ni ushauri au ni amri. Nikifika hapa huwa namuonea huruma kweli, na nasema hivyo huku nikijua atakachofanya baadaye.

Plani ilikuwa wavuke mto Moselle pale Metz, wapige miguu kuelekea magharibi mpaka Verdun, wakaungane na jeshi jipya lililokuwa linakusanywa Châlons. Plani nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba jeshi lote lilipitishwa karibu barabara moja kutoka Metz kupandisha kwenda Gravelotte, mikokoteni, mizinga, farasi na watu wote wamesongamana, na madaraja ya mto upande wa kusini mwa Metz yakaachwa bila kuvunjwa, Wajerumani wakayatumia kuvukia. Tarehe 14 Wajerumani wakawashambulia Borny waliokuwa hawajavuka bado, Bazaine mwenyewe akapigwa na kipande cha bomu begani, na siku nzima ikapotea.

Tarehe 16 Agosti alfajiri Kaizari akaondoka zake mbele kwa gari la farasi kuelekea Verdun, na asubuhi ileile vita ikalipuka kati ya Rezonville na Mars-la-Tour. Hapa ndo pa kuelewa vizuri jamani. Jenerali wa Prussia, Alvensleben, alidhani amekutana na mkia wa jeshi la Ufaransa, kumbe amelivaa jeshi lote, na yeye ana watu kama 30,000 tu. Kwa masaa mengi siku ile Bazaine alikuwa na watu wengi kuliko adui kwa mara tatu au zaidi. Alvensleben alishambulia bila kukoma ili asijulikane uchache wake, mpaka ikafika hatua ya kuwatuma wapanda farasi wa Bredow wakaivamia mizinga ya Wafaransa uso kwa uso, wakafa karibu nusu yao. Na Bazaine? Alikuwa anakimbiakimbia kwenye ubavu wake wa kushoto, ule wa upande wa Metz, anapanga mizinga kwa mikono yake mwenyewe, karibu atekwe na wapanda farasi wa Prussia waliotokea ghafla. Ujasiri upo, hakuna ubishi. Lakini kazi ya kupanga mizinga ni ya kapteni. Kazi yake yeye ilikuwa kuangalia upande wa kulia, ambako barabara ya Verdun ilikuwa inagombaniwa na angeweza kumsukuma adui akapita. Alichokihofia yeye ni kukatwa na Metz. Alikuwa anakwenda Verdun lakini macho yote yako Metz.

Jioni ile kila upande ulikuwa umepoteza watu kama 16,000 hivi, waliokufa na waliojeruhiwa na waliopotea. Wafaransa wengi walilala wakiamini wameshinda, na hata Wajerumani hawakuwa na uhakika. Usiku Bazaine akatoa amri ya kurudi nyuma kuelekea Metz, sababu aliyotoa ni kwamba risasi na chakula vimepungua na jeshi linahitaji kujazwa upya. Maofisa waliosikia amri ile hawakuamini masikio yao. Kwa maoni yangu kila kitu kilichofuata, Sedan, Metz, kesi, kinatokana na amri ya usiku ule, na bado siioni kama usaliti, naiona ni amri ya mtu aliyebebeshwa mzigo uliomzidi, akakimbilia kuta za ngome kwa sababu kuta ndo kitu alichoweza kukielewa.

Tarehe 18 Agosti ndo ikawa Gravelotte na Saint-Privat, vita kubwa kuliko zote za mwaka ule. Wajerumani karibu 190,000, Wafaransa zaidi ya 110,000 wakiwa kwenye mwinuko mzuri sana wa kujilinda. Chassepot ilifanya kazi yake, gadi ya mfalme wa Prussia ilipojaribu kupanda Saint-Privat kwenye uwanja wazi ilipoteza watu kama 8,000 kwa muda mfupi, na kwa siku nzima Wajerumani walipoteza kama 20,000 dhidi ya 12,000 hivi wa Wafaransa. Ila Marshali Canrobert kule Saint-Privat alikuwa anaomba msaada, risasi zinaisha, na gadi ya Kaizari ya Ufaransa imekaa nyuma haina kazi, na Bazaine yuko Plappeville, mbali na mapigano, hatoi amri ya maana. Jioni Saint-Privat ikaanguka, na kesho yake jeshi lote likarudi chini ya ngome za Metz. Mlango ukafungwa.

Kutoka hapo Mac-Mahon anaingia. Alikuwa na jeshi Châlons, na serikali ya Paris, ikiongozwa na mke wa Kaizari, Eugénie, ikamshinikiza aende kumuokoa Bazaine, kwamba wakimuacha mapinduzi yatatokea. Naye Bazaine tarehe 19 alikuwa ameshaandika kwamba bado anategemea kutoka kwa upande wa kaskazini kupitia Montmédy. Mac-Mahon akaelekea huko, Moltke akamgeukia, tarehe 1 Septemba akabanwa Sedan, siku ya pili jeshi likasalimu amri, na tarehe 4 Paris ikatangaza jamhuri. Mac-Mahon alijeruhiwa mapema asubuhi ya vita, kwa hiyo sahihi ya kusalimu amri haikuwa yake, ilikuwa ya Jenerali Wimpffen. Jeraha lile lilimuokoa kisiasa, nasema bila kusitasita.

Na upande wa Metz je? Tarehe 26 Agosti Bazaine alianza kutoka, mvua kubwa ikanyesha, akaitisha kikao cha majenerali pale Grimont, wakakubaliana kubaki, mkuu wa mizinga akasema risasi zilizopo zinatosha vita moja tu. Suala la kama siku ile Bazaine alikuwa tayari anajua kwamba Mac-Mahon yuko njiani anakuja lilibishaniwa sana mahakamani, kuna ofisa alitoa ushahidi kwamba ujumbe ulifika tarehe 23, Bazaine akashikilia kwamba aliupata siku za mwisho kabisa za Agosti. Kama ofisa yule alisema kweli, basi majenerali walipigishwa kura wakiwa gizani. Tarehe 31 akajaribu tena, Noisseville, ilianza vizuri ila amri ilichelewa mpaka alasiri, kesho yake wakarudishwa ndani.

Hapa ndo sehemu ya pili ya stori inaanza, na hii ndo iliyomponza. Kuanzia Septemba Bazaine ana jeshi kubwa kuliko yote iliyobaki nayo Ufaransa, limefungiwa ndani ya Metz pamoja na raia kama 70,000, nje kuna jeshi la Prince Friedrich Karl wa Prussia limeizunguka. Kaizari aliyemteua ni mateka Ujerumani. Paris kuna serikali mpya ya jamhuri ya wanasiasa akina Gambetta na Favre ambayo hakuna aliyeipigia kura. Bazaine alikula kiapo kwa Kaizari. Akaanza kufikiri kama alivyofikiri Mexico: jeshi hili ndo turufu, vita ikiisha mwenye jeshi ndo atakayeamua nani atawale Ufaransa, kwa hiyo lisiharibiwe. Akapunguza mapigano, akaanza mazungumzo.

Tarehe 23 Septemba akatokea mtu anaitwa Régnier, mfanyabiashara asiye na cheo chochote, kapita katikati ya mistari ya Wajerumani kwa ruhusa ya Bismarck, mkononi ana picha ya mji wa Hastings kule Uingereza yenye sahihi ya mtoto wa Kaizari. Picha tu. Kwa kitambulisho hicho Bazaine akamsikiliza, akamweleza hali ya jeshi, na akamruhusu Jenerali Bourbaki, kamanda wa gadi, atoke kwa kujificha miongoni mwa madaktari wa Luxembourg aende Uingereza, alikokimbilia Eugénie, kuonana naye. Bourbaki alipofika Eugénie akamshangaa, hakuwa amemuita. Nikiulizwa ni kitu gani kwenye kesi hii kinaniumiza zaidi ni hiki, kamanda wa ngome iliyozingirwa anamwambia mgeni aliyeletwa na adui chakula kitamfikisha siku gani. Siku ya kuisha chakula ndo siri kubwa kuliko zote kwenye mazingira ya kuzingirwa.

Oktoba akamtuma Jenerali Boyer kwa Bismarck huko Versailles, ambako Wajerumani walikuwa wameweka makao yao. Bismarck akacheza nao danadana kwa ustadi mkubwa, masharti yake ni jeshi la Metz litangaze kuwa upande wa Eugénie na Eugénie asaini makubaliano ya amani yanayokata ardhi ya Ufaransa. Boyer akaenda mpaka Uingereza. Eugénie, na hapa apewe heshima yake, akakataa kusaini kitu ambacho hajaonyeshwa kimeandikwa nini. Tarehe 24 Oktoba Bismarck akajulisha kwamba mazungumzo hayaendelei. Kumbe mwezi mzima umeondoka, farasi wanachinjwa wanaliwa, chumvi imeisha, mvua haikatiki, askari wanalala kwenye matope, na farasi wakishaliwa jeshi haliwezi tena kuvuta mizinga wala kutoka hata likitaka. Adui alikuwa anasubiri hilo tu.

Tarehe 27 Oktoba sahihi zikawekwa kwenye jumba la Frescaty. Ilipofika tarehe 29 zaidi ya wanajeshi 170,000 wakawa mateka, marshali watatu, maelfu ya maofisa, mizinga zaidi ya 1,400, na bendera za vikosi 53. Halafu kuna mambo mawili ambayo kisheria ni madogo ila kwa askari yalikuwa makubwa kuliko yote. Friedrich Karl alikubali jeshi litoke kwa heshima za kijeshi, yaani lipite na silaha zake kabla ya kuzikabidhi, Bazaine akakataa. Na bendera, amri ilisema zipelekwe ghalani zikachomwe moto, ila hazikuchomwa, zikaishia mikononi mwa Wajerumani. Baadhi ya makamanda walishtuka mapema, Lapasset mmojawao, wakachoma za vikosi vyao wenyewe. Bazaine alipotoka kuelekea utekani wenyeji wa Ars-sur-Moselle walimzomea barabarani.

Madhara yake yalikuwa ya papo kwa papo. Jeshi la Friedrich Karl likawa huru, likaelekea mto Loire, wakati huohuo jeshi jipya alilolikusanya Gambetta lilikuwa limeshinda Coulmiers tarehe 9 Novemba na watu wameanza kupata matumaini. Mwanzoni mwa Desemba Wajerumani wakaichukua tena Orléans. Kama Metz ingekaza wiki mbili tatu zaidi, vita ingebadilika? Mwisho wake sidhani, ila jeshi lile la Loire lingepata nafasi ya kupumua, na hiyo ndo hoja ambayo watetezi wa Bazaine huwa wanaikwepa.

Gambetta hakusubiri uchunguzi. Akatoa tangazo kwa Wafaransa wote: Bazaine kasaliti. Sasa jiulize, kwa nini neno hilo lilipokelewa haraka vile? Kwa sababu lilimfaa kila mtu. Wa upande wa jamhuri walipata jibu kwamba taifa halikushindwa, liliuzwa na mtu wa Kaizari. Wa upande wa jeshi nao wakapata nafuu, maana kama kosa ni la mtu mmoja basi hakuna haja ya kuuliza kuhusu mizinga, makao makuu, elimu ya majenerali na ile fujo ya Julai. Na wafuasi wa wafalme waliokuwa wengi bungeni baada ya vita hawakuwa na sababu ya kumtetea marshali wa Napoleon. Mkataba wa Frankfurt wa Mei 1871 ukachukua Alsace na sehemu ya Lorraine, Metz ikiwemo, na ukadai faranga bilioni 5. Hasira ya nchi nzima ilihitaji mtu wa kumshukia, na maji yalipozidi unga yakamwagikia yeye.

Ila kusema hivyo haimaanishi kwamba kesi ilikuwa ya uongo. Baraza la uchunguzi chini ya Marshali Baraguey d'Hilliers lilimlaumu mwaka 1872, na Bazaine mwenyewe akaomba apelekwe mahakamani ajisafishe. Ikabidi hata sheria irekebishwe, kwa sababu marshali alitakiwa ahukumiwe na marshali wenzake na waliokuwepo karibu wote walihusika na vita ileile. Aliyeongoza mahakama ni Duke wa Aumale, mtoto wa mfalme Louis-Philippe aliyepinduliwa mwaka 1848, mtu aliyekaa uhamishoni miaka zaidi ya 20 chini ya utawala ambao Bazaine aliutumikia. Kesi ilianza tarehe 6 Oktoba 1873. Jenerali Pourcet anashtaki, wakili Lachaud anatetea, mpaka barua ya Friedrich Karl ikatolewa kumsifu Bazaine, nadhani hakuna kitu kilichomuharibia zaidi mbele ya Wafaransa kuliko sifa kutoka kwa yule aliyemteka.

Mashtaka yenyewe ndo watu hawayasomi. Hakushtakiwa kwa kuuza nchi wala kwa kupokea fedha, na haukupatikana ushahidi wowote kwamba alilipwa. Alishtakiwa kwa vifungu vya sheria ya jeshi ya mwaka 1857, kwamba alisalimisha ngome kabla ya kumaliza njia zote za kujilinda, kwamba akiwa uwanjani alisaini makubaliano yaliyofanya jeshi liweke chini silaha, na kwamba alijadiliana na adui bila kwanza kufanya yote ambayo wajibu na heshima vinamtaka. Ukiisoma sheria ile na ukaweka pembeni ya mambo ya Septemba na Oktoba, mimi sioni majaji wangefanya nini tofauti. Régnier alikuwepo. Boyer alikuwepo. Chakula kiliachwa kiishe huku jeshi limekaa.

Kuna mahali kwenye mahojiano Bazaine alijaribu kueleza hali yake, kwamba hakukuwa na serikali tena aliyoitambua, Kaizari hayupo, Paris kuna watu waliojiweka wenyewe, hakukuwa na kitu. Duke akamjibu: "Ufaransa ilikuwa bado ipo." Maneno hayo yalikaa kwenye vichwa vya Wafaransa kwa vizazi. Unaweza kusema ni rahisi kwa mtoto wa mfalme kuongea hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha jaji, na Duke naye alikuwa na siasa zake. Lakini jibu lile linagusa palepale penye kosa. Bazaine alilichukulia jeshi kuwa ni mali ya utawala fulani, na utawala ulipoanguka akaona jeshi limebaki mikononi mwake alitumie anavyoona inafaa. Mac-Mahon alipoteza jeshi akiwa anatekeleza amri mbaya, akipigana, akamwaga damu yake. Bazaine alipoteza la kwake akiwa analitunza kwa ajili ya meza ya mazungumzo. Askari mateka ni mateka tu, njaa ya kambini ni ileile, ila mbele ya sheria ya jeshi hayo ni makosa mawili tofauti kabisa, na nadhani ndo maana hata waliomhukumu kifo waliweza palepale kumuombea uhai bila kuona wanajipinga. Waliona kosa, waliona pia kwamba si yeye peke yake aliyeifikisha Ufaransa pale.

Alipelekwa kisiwa cha Sainte-Marguerite karibu na Cannes. Usiku wa tarehe 9 Agosti 1874, akiwa na miaka 63, akatoroka, wanasema kwa kamba, mke wake Pepita akiwa chini na mashua pamoja na ndugu yake, wakapanda meli mpaka Genoa. Kutoroka kule kulimmaliza zaidi ya hukumu yenyewe, waliokuwa bado wana mashaka wakaona hiyo sasa ni tabia ya mwenye hatia. Akaishia Madrid, kwenye ufukara, Pepita baadaye akarudi Mexico na kumuacha. Mwaka 1883 akatoa kitabu cha kujitetea kuhusu kuzingirwa kwa Metz, kikashindwa kubadili chochote. Mwaka 1887 Mfaransa mmoja alisafiri mpaka kwake akamchoma kisu, akapona. Alifariki tarehe 23 Septemba 1888.

Hukumu yake haijawahi kutenguliwa, na kwa vifungu vile vya 1857 sidhani kama kuna mahakama ingeitengua. Neno la Gambetta ndo ambalo halikuwahi kuthibitishwa na mahakama yoyote, na ndo hilohilo ambalo Wafaransa wengi walizeeka nalo, huku maswali ya mizinga, barabara moja ya Gravelotte na majenerali waliokaa wakisikiliza mizinga ya wenzao yakiwa hayana wa kuyajibu kizimbani.